Golikipa Aliyekatazwa Kupiga Mtu

Wewe, umewahi kuona refa akiruka ukuta na filimbi bado iko kwa mdomo? Akiruka hivi, mguu moja huku, mguu moja kule, kaptula imeshikwa na seng'enge, na filimbi inalia yenyewe kila akipumua, fii, fii, fii? Mimi nimeona. Nilicheka mpaka nikashikwa na kichomi. Na kwa yale mawe alikuwa anatoroka, moja ilikuwa yangu.

Usiniangalie hivyo. Mimi ni mtu wa kanisa. Lakini huyo refa alikuwa mwizi.

Wacha nikuanzie mbali kidogo ndio uelewe. Mimi nakaa Buruburu, kwa ile ekstensheni mzee wangu alijenga nyuma ya nyumba kabla hajaenda kwa Mungu. Nyumba ya mbele iko na wapangaji, huku nyuma ni mimi na mjukuu wangu. Huyu ni msichana wa binti yangu wa kwanza, na mama yake anafanya kazi Uarabuni, kwa hivyo mimi ndio mama, mimi ndio baba. Babu yake alikuwa anamwita bibi yake mdogo, na mimi nikawa namwita mke mwenza, na hiyo jina ikakwama mpaka leo. Hata majirani wakimtafuta wananiuliza, "Mama, mke mwenzako ako wapi?"

Sasa mke mwenza anasoma kwa koleji moja ya ufundi, si mbali na sisi. Anasomea kuchomelea vyuma. Eh, msichana! Anarudi nyumbani mikono imerukiwa na cheche, iko na madoa kama chapati. Na hiyo koleji iko na timu ya mpira ya wasichana, na yeye ndiye golikipa. Ni mrefu kama babu yake. Akikushika bega unajua umeshikwa.

Hiyo timu, wueh. Kufungwa magoli ilikuwa kitu kidogo. Walikuwa wanaumizwa mwili. Kila Jumamosi mtu analetwa nyumbani akichechemea, mwingine anashikilia taya, mwingine jicho imefungana kama ya mtoto wa paka.

Mechi ya kwanza walienda kucheza huko mtaa wa Fedha. Mimi sikuwa najua mpira. Nilibeba tu thamosi ya chai na mandazi, nikasema wacha niende nione mke mwenza hufanya nini Jumamosi. Sijakaa hata chini, msichana mmoja wa hao wengine, mfupi, amekazana kama jiwe ya kusagia, akaingia na kichwa kwa mdomo ya beki wetu. Kah! Meno mbili zikaruka. Niliziona kwa macho yangu, nyeupe, zikiruka kama mahindi inalipuka kwa sufuria. Yule beki akapiga magoti akaanza kuzitafuta kwa nyasi. Refa akamwambia, "Simama tuendelee, utatafuta baadaye." Na akasimama! Damu inamwagika kwa jezi, na anakimbia akirudi nyuma kama askari.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisimama juu ya kiti ya watu nikapiga nduru.

Unajua, mimi ngumi naijua. Nikiwa nimeolewa mpya tulikaa kwa zile nyumba za zamani za kaunti, wakati huo ikiitwa kaunsili, na mfereji ilikuwa moja, watu wote wanaitegemea. Ukitaka maji unapigana. Mwanamke mmoja alisukuma debe yangu mara tatu, mara ya nne nikamuuma sikio. Mpaka leo tukikutana kanisani, kabla anisalimie anashika sikio kwanza. Kwa hivyo ni mimi nilimfundisha mke mwenza kupiga. Akiwa mdogo darasani walikuwa wanamnyang'anya chakula, nikamwambia, "Kidole gumba iache nje, usiifungie ndani, itavunjika. Na usipige na mkono, piga na bega, mkono ifuate tu." Alielewa haraka sana. Kusoma ilimchukua muda, lakini hiyo alielewa siku moja.

Sasa mechi ya pili ilikuwa Donholm, kwa kiwanja iko karibu na barabara ya Outer Ring. Hapo ndio nilikuwa nakuambia ya refa. Aliwapatia wale wengine penalti ya uongo. Mke mwenza akaidaka. Refa akasema irudiwe, ati golikipa alisonga. Ikarudiwa, akaidaka tena. Refa akasema irudiwe! Ya tatu ikaingia. Halafu kapteni wao akatembea pole pole mpaka kwa goli, watu wote wanaona, akamtemea mke mwenza mate kwa uso.

Mke mwenza akajipangusa uso na jezi. Akavua glavu moja, akaiweka chini polepole kama mtu analaza mtoto. Akavua ya pili. Nikajiambia, haya, sasa. Akapiga na bega. Yule kapteni alilala hapo hapo, mikono imenyooka kando, hata hakupiga kelele. Kidole gumba ilikuwa nje. Niliangalia.

Hapo ndio kiwanja ilipasuka. Watu wao wakaingia, watu wetu wakaingia, mama mmoja ako na mtoto mgongoni anapiga kijana na kiatu, kocha wetu amekaliwa kifuani na wanaume wawili. Mawe inaruka kama njiwa. Refa akaona ukuta, ukuta ikamwona. Mimi nilikuwa na jiwe ndogo tu, saizi ya kiazi. Ilimpata kwa matako.

Tulirudi nyumbani tukiimba. Nilimpikia chapo na maharagwe, na kila nikimwangalia tunacheka upya.

Jumatatu nikaitwa koleji.

Prinsipali wao ni mama mwembamba, mpole, anaongea kama mtu anaomba. Alinipa kiti. Mke mwenza alikuwa amesimama kando ya ukuta, mikono nyuma.

"Shosho," prinsipali akaniambia, vile huku tunaita nyanya, "huyu mtoto alivunjia mwenzake taya."

"Nilisikia, mwalimu. Pole kwake."

"Kwani nani alimfundisha kupiga namna hii?"

Mke mwenza akaniangalia. Ningesema uongo, lakini nilikuwa nimevaa beji ya kanisa.

"Ni mimi," nikasema.

Nadhani prinsipali alitaka kucheka, lakini hakucheka. Akasema hivi, na mimi nakuambia vile alisema: "Amebakisha muhula moja apate cheti. Akiinua mkono yake tena juu ya mtu yeyote, ndani ya kiwanja au nje, hatakuwa mwanafunzi wangu. Sitaita kikao, sitamuita mzazi. Atabeba vitu zake aende."

Hapo raha yote ikaniisha. Kwa sababu kwa hii boma yetu hakuna mtu amewahi kushika cheti ya kitu. Mimi niliacha shule kabla sijajua kusoma saa. Mama yake alitoka shule na mimba. Huyu ndiye wa kwanza amefika karibu, na sasa amefika karibu, na ni mimi nimempatia ngumi ya kumrudisha nyuma.

Njiani tukirudi nikamwambia, "Mke mwenza, achana na mpira."

"Shosh, nikiacha, hakuna golikipa mwingine. Watavunja timu."

"Wavunje."

"Wale wasichana wamepoteza meno wakicheza na mimi. Nitawaambia nini?"

Nikamwambia basi, cheza, lakini hiyo mkono weka kwa mfuko. Akasema, "Jezi haina mfuko, shosh."

Sasa ona ubaya wa watu. Maneno ikatembea. Sijui nani alisema, lakini mtaa na mtaa wakajua: golikipa wa ile koleji amekatazwa kupiga mtu. Akipiga, anafukuzwa shule. Basi kila timu ikija, kazi yao ya kwanza ni yeye. Wanamkanyaga vidole na zile viatu ziko na meno chini. Wanamvuta nywele. Kona ikipigwa, wanamzunguka kama kuku wamezunguka mahindi, na ukiangalia huoni kitu, lakini yeye anaruka anapiga kelele. Ilikuwa pini. Kuna mmoja alikuwa anakuja na pini ya nepi, amefungia ndani ya bendeji ya mkono, kila kona anamdunga kwa kiuno.

Hiyo siku alirudi nyumbani nikamvua jezi mwenyewe. Nikachemsha maji na chumvi, nikachukua kitambaa, nikaanza kumkanda. Kiuno yote ilikuwa na matundu madogo madogo, imevimba.

"Ulifanya nini akikudunga?"

"Nilishika chuma ya goli, shosh. Nilishika na mikono yote mbili."

"Na mpira?"

"Iliingia."

"Huyo wa pini anakaa wapi?"

"Shosh!"

"Si nauliza tu."

Wiki ikaenda, wiki ikaja, walipigwa huku, wakapigwa kule. Winga wetu alivunjwa mguu, na nilisikia ikivunjika kutoka mahali nilikuwa nimekaa, kama mtu amevunja kuni na goti. Hakuna mechi walishinda. Hakuna hata moja walitoka sare. Na mke mwenza hakuinua mkono. Kila Jumamosi nilikuwa naenda kumwangalia hiyo mkono peke yake, mpira sioni. Nikiona vidole zinajikunja naanza kuomba kwa sauti.

Mechi ya mwisho ilikuwa kwa kiwanja ya koleji ya mke mwenza. Ikibaki hiyo tu, halafu mitihani, halafu cheti. Nikasema hii siwezi iacha hivi hivi. Nikaenda kwa kina mama wetu wa maombi, nikawaambia, mniombee mtoto, shetani anataka mkono yake. Tukaombea maji ndani ya chupa ya jusi, tukaweka chumvi, tukaimba. Na Jumamosi nikavaa kanzu yangu nyeupe ya kanisa, nikafunga kitambaa nyekundu kwa kichwa na kingine kiunoni, nikaenda kiwanjani.

Hapo ndio nilikosea, na nilikosea vibaya, na mtu yeyote wa huku kwetu Eastlands angeniambia kama ningeuliza. Kwa sababu hii mpira yetu ya mtaa watu wanaogopa dawa kuliko wanaogopa polisi. Timu ngeni ikija haipiti kwa geti, ati geti imezikwa kitu. Inaruka seng'enge. Hao wageni walikuja na basi nzima ya mashabiki, na wote, mpaka wamama, waliruka seng'enge. Kocha wao alichimba kwa goli na kijiti akitafuta mayai na manyoya. Mimi nilikuwa nawaangalia nikicheka ujinga yao.

Nusu ya kwanza ikaisha bila bao. Bila bao! Msimu mzima haijawahi kutokea. Wasichana wetu wanakumbatiana kama wamechukua kombe. Na wakati wa mapumziko, watu wote wakikunywa maji kando, mimi na kanzu yangu nyeupe nikatembea mpaka kwa ile goli mke mwenza alikuwa anaenda kusimama. Nikamwaga maji kwa chuma ya kulia, nikamwaga kwa chuma ya kushoto. Nikanyunyiza kwa mstari. Na nikaomba kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti, mikono juu: Baba, funga mkono ya huyu mtoto.

Wageni wote waligeuka. Waliniangalia tu.

Nusu ya pili ikaanza. Wakapiga mpira, ikagonga chuma, ikarudi. Wakapiga tena, ikagonga chuma ya juu, ikaenda nje. Watu wakaanza kunong'ona. Mara ya tatu golikipa wetu ameanguka, goli iko wazi, hata mimi ningefunga, na mpira ikagonga chuma ile ya kushoto na ikatoka.

Kulikuwa na mama mmoja wao, mnene, ako na mwavuli kubwa ya kufunga, ile iko na ncha ya chuma. Akasimama. Akaninyooshea hiyo mwavuli.

"Ni huyu! Huyu nyanya ndiye ameroga goli! Nilimwona akimwaga dawa!"

"Ni maji ya maombi!" nikasema.

"Mchawi anasema maombi!"

Yangu yote ya kucheka ikakauka. Walikuja kama maji imevunja bomba. Wa kwanza alikuwa huyo mama, akanipiga na mwavuli kwa kichwa, pah, nikaona nyota mchana. Mwingine akanivuta kitambaa, nikaanguka. Mtu akanipiga teke kwa mbavu, mwingine akakanyaga mkono yangu hii, na nikasikia ikivunjika. Nilimuuma mtu mguu, usifikiri sikuuma mtu. Lakini walikuwa wengi. Vijana wameinua simu wanarekodi. Halafu nikasikia sauti ya mwanaume, sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anaagiza chai, ikisema, "Leteni tairi."

Wewe unajua tairi ni ya nini: mchawi anavalishwa shingoni, anawashwa moto. Nilikojoa.

Kati ya miguu ya watu nikaona viatu za mpira zinakuja. Nikaona glavu inaanguka kwa nyasi. Halafu ya pili. Alikuwa ameacha goli. Na kule mbele, chini ya hema, prinsipali alikuwa amesimama kwa kiti, anaona kila kitu. Mke mwenza akafika, na nikaona hiyo mkono inajifunga, kidole gumba nje vile nilimfundisha, na bega inaenda nyuma, na mbele yake iko taya ya huyo mama wa mwavuli, karibu, kubwa, haiwezi kukosewa.

Na mimi niliyekuwa nakufa, unajua nilipiga kelele gani? "Usipige! Mke mwenza, usipige! Cheti!"

Aliniangalia. Akaruka. Aliruka vile anaruka akidaka mpira ya chini, akanifunika mwili wote, kichwa yangu akaiweka chini ya kifua, mikono yake akaizungusha kwangu akashika viwiko yake mwenyewe. Na hapo wakampiga. Nilikuwa nasikia kila pigo ikipita kwake ikifika kwangu. Mateke. Fimbo. Mwavuli, mara nyingi. Ile ncha ilimwingia kwa mgongo, na damu yake ikanimwagikia shingoni, moto. Alikuwa ananiambia kwa sikio, "Niko hapa, shosh. Niko hapa, shosh." Hakuachilia hiyo viwiko. Hakuinua hata kidole.

Sasa sikiliza kile kilituokoa. Wakati wote huo refa hakuwa amepuliza filimbi. Mpira ilikuwa inaendelea, si goli haina mtu! Straika wao mmoja mfupi akatembea nayo, akitembea tu, akaisukuma ndani. Bao! Na watu wao wakasikia "Bao!" wakageuka. Dawa imeshindwa! Goli imefunguka! Wakatuacha hapo chini kama takataka, wakakimbia kumbeba straika, wanalia kwa furaha, na huyo mama wa mwavuli anacheza mbele yao wote, mwavuli juu. Mwanaume wa tairi pia alikimbia. Nilimwona akipiga makofi.

Hiyo ndiyo bao peke yake nimewahi kushukuru Mungu tumefungwa.

Prinsipali alikuja na kiatu moja, nyingine sijui ilipotelea wapi. Akapiga magoti kwa damu na suti yake. Nikamshika mkono na ile yangu nzuri. "Mwalimu, hakupiga mtu. Uliona?"

"Niliona," akasema. "Nyamaza, shosho. Niliona kila kitu." Na alikuwa analia.

Mke mwenza alishonwa mgongo, mimi nikafungwa mkono plasta. Tulilala kwa vitanda mbili zinafuatana pale hospitali, yeye kwa tumbo, mimi kwa mgongo, na wagonjwa wengine wakitusikia tunabishana kama wake wenza kweli. Nilimwambia samahani ya maji. Akaniambia, "Shosh, uliomba mkono yangu ifungwe. Si ilifungwa?" Nikacheka, na mbavu ikaniua. Nikageuza kichwa nimwone. Alikuwa anaangalia mkono yake, anaifunga, anaifungua.

"Mke mwenza," nikamwambia, "niahidi hutamtafuta yule mama."

"Nakuahidi," akasema. "Sitainua mkono mpaka waniwekee cheti kwa mkono. Hiyo siku nitakuletea uishike kwanza, uiangalie vile unataka. Halafu tutavaa viatu twende kwake, shosh. Wewe utashika mwavuli, mimi nitamshika mwenyewe."